Pasi ya Nguvu

Kadi ya sita shupaza ilipotokeza chini ya kiwambo, Wawuda alidhani mumewe ameichomoa kimakosa.

Kiwambo cha mbao kilikata meza pembe kwa pembe. Upande huu walikaa Wawuda na Galgalo, mpinzani wa kushoto kwake. Upande wa pili, asikoweza kuona, alikaa Mwadime, mumewe na mwenzake katika briji, pamoja na Akoth, mwenzake Galgalo. Wakati wa mnada hakuna aliyefungua kinywa. Kila mmoja aliweka dau lake kwa kadi juu ya trei, trei ikasukumwa chini ya kiwambo kwenda na kurudi, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote. Juu yao kinusi kilining'inia darini, kikivizia wimbi lolote la redio ambalo mtu angethubutu kulipitisha ukumbini. Tangu asubuhi hakijalia hata mara moja.

Sita shupaza. Yaani shupaza ni turufu, na wao wawili wanaahidi kula mizunguko kumi na miwili kati ya kumi na mitatu. Wakipungukiwa na mmoja tu, wameanguka.

Galgalo aliitazama kadi ile, kisha akamtazama Wawuda. Alikuwa kijana wa Marsabit mwenye adabu ya kupitiliza, mtu wa kukuomba radhi kabla hajakumaliza. Akaandika kwenye kibao kilichokuwa kati yao: Maana?

Ilikuwa haki yake kuuliza. Katika briji unaweza kubuni lugha yoyote ya madau, hata ya kichaa, mradi wapinzani waambiwe maana ya kila unachotaja. Na lugha ya Wawuda na Mwadime ilikuwa ya kichaa kweli. Waliiita Kimya. Wachezaji wengine wakiwa na karata dhaifu hupisha zamu bila kutaja dau, wakiwa na nzuri husema. Katika Kimya, mwenye karata dhaifu ndiye aliyefungua mnada kwa dau dogo, na mwenye nguvu alipisha. Pasi ya nguvu. Mwadime aliibuni alipokuwa amelazwa baada ya kiharusi kumnyang'anya usemi, akimwonyesha mkewe kwa vidole juu ya shuka, mabega yakimtikisika kwa kicheko kisichotoa sauti.

Wawuda akaandika: Amefunga mnada. Hakuuliza chochote kuhusu mkono wangu wa karata.

Na hapo ndipo palipokuwa na utata. Yeye alikuwa amepisha, kisha akataja shupaza. Baada ya hapo Kimya kilimpa Mwadime njia mbili tu za busara: aulize hatua kwa hatua mkewe ana nini, au afunge kwenye nne shupaza. Hakuuliza, wala hakufunga kwenye nne. Alirukia sita kama mtu aliyeziona karata zote.

Galgalo akafungua kwa ree ya uru, karata kubwa kuliko zote za rangi hiyo. Kidirisha cha kiwambo kikafunguliwa na Mwadime akalaza mkono wake mezani. Wawuda alizitazama kwanza uru za mumewe. Zilikuwa tatu, mbovu zote. Mtu mwenye uru za namna hiyo, na asiyejua ree na mfalme wake wako wapi, hasemi sita. Labda awe anajua kwamba mwenzake hana uru hata moja.

Wawuda hakuwa nayo hata moja. Akaikata ree kwa turufu ndogo, akavuta turufu za wapinzani, akala mizunguko yake kumi na miwili bila kutoa jasho.

Galgalo aliinua mkono. "Samahanini sana," alisema. "Naomba mwamuzi."

*

Bi. Tima Shekue alikuja taratibu, miwani ikiwa juu ya paji la uso. Alikuwa ameamua mashindano tangu enzi za kucheza kwa karata za karatasi, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alizitazama karata, akasoma mnada, kisha akainama kwenye kidirisha.

"Mzee Mwadime, shikamoo."

"Marahaba, Bi. Tima." Sauti ilitoka kwenye kifungo kidogo kilichobandikwa kooni. Ilikuwa sauti yake mwenyewe ya zamani, iliyoshonwa upya kutokana na kanda za sherehe na simu alizowahi kupiga. Midomo yake haikusogea.

"Kwa nini sita?"

"Nilihisi."

"Ulihisi nini?"

"Kwamba uru si tatizo. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nimecheza na mke wangu tangu tukiwa wachumba. Kuna nyakati mtu anajua tu."

"Akoth, alichelewa kutaja? Alisitasita?"

"Hapana," Akoth alijibu kutoka upande wa pili. "Aliweka kadi kama anayeweka kikombe mezani."

"Na upande huu, Galgalo? Mama alifanya lolote? Kikohozi, kalamu, kujigeuza?"

"Hakufanya kitu," Galgalo alikiri. "Alikaa tu. Ndiyo maana nimeshindwa kuelewa."

Bi. Tima alitazama kinusi. Taa yake ilikuwa ya kijani. Akashusha miwani.

"Kuhisi hakujawahi kuwa kosa kwenye mchezo huu," alisema. "Mkinyimwa hisia zenu, mtabaki kusoma tu vitabu vya madau. Matokeo yanasimama. Lakini nimeliweka akilini. Endeleeni."

Wawuda aliokota karata za mkono uliofuata. Galgalo alikuwa amesema kweli: hakukohoa, hakushika kalamu. Ila alikumbuka kitu kimoja. Alipopanga karata zake na kuona hana uru, alikuwa ameshusha pumzi puani. Pumzi ndogo tu, ile inayomtoka nyumbani akigusa birika na kukuta chai bado ni moto. Galgalo, aliyekaa karibu kiasi cha kuguswa kiwiko, hakuisikia.

Alikumbuka na mambo mengine. Siku hizi Mwadime alimsogezea chumvi kabla hajainua macho kuitafuta. Akiamka na kichwa kinachouma, alikuta maji na dawa vimeshawekwa kando ya kitanda. Yeye alikuwa mfamasia, mtu wa kuuliza kila kitu kinafanyaje kazi, lakini hilo hakuwahi kuliuliza. Aliliita mapenzi, akashukuru.

Mnenaji, mashine iliyofukiwa nyuma ya sikio la mumewe na kukipa sauti kile kifungo cha kooni, haikujua kusema siku ilipowekwa. Ilisoma tu vurugu za umeme kwenye ubongo wake, ikabahatisha neno. Ili ijue kama imepatia, ilihitaji mlezi: mtu wa karibu aliyevaa bangili ya kupima mapigo ya moyo, jasho na pumzi. Mwadime akikusudia kusema "maji" na mashine ikasema "majani", mwili wa Wawuda ulishtuka kidogo, mashine ikajisahihisha. Mwaka mzima walikaa hivyo, yeye na bangili yake, mpaka mashine ikanyooka na daktari akaivua bangili, akawapongeza.

Ili mumewe aruhusiwe kucheza, Wawuda alikuwa ameapa mbele ya kamati ya chama cha briji: mnenaji husema, hausikii. Ndivyo alivyoambiwa na ndivyo alivyoamini. Lakini sikio la mumewe lilisikia, na mashine ilikuwa imekaa nyuma yake, ikiwa imefunzwa mwaka mzima kwamba hakuna kitu duniani chenye maana kuliko pumzi ya mwanamke huyu. Bangili ilikuwa fimbo ya kujifunzia kutembea. Mashine ikishajua kutembea, ingeihitaji ya nini?

Kinusi hakikuwa na habari. Pumzi haina wimbi la redio.

*

Mkono uliofuata Mwadime ndiye aliyeanza. Alipisha, maana yake ana nguvu. Akoth naye akapisha. Wawuda alitazama karata zake: takataka tupu, hakuna hata mfalme mmoja. Kimya kilikuwa na jibu la hali hiyo, moja uru, lenye kumaanisha sina kitu, shuka. Aliweka kadi hiyo kwenye trei. Ilikuwa kweli tupu.

Kisha, trei kabla haijasukumwa, alifumba macho na kujirudisha wodi ya wazazi ya Wundanyi, asubuhi yenye ukungu, alipowekewa mwanawe Mkamburi kifuani kwa mara ya kwanza, mtoto ana nywele zilizolowa na anapiga chafya. Alijilazimisha kuwa pale. Moyo ulimruka. Pumzi ikashuka ndefu, imeshiba, kama ya mtu aliyepewa kila alichowahi kuomba. Galgalo hakugeuza hata shingo, akapisha.

Trei ilikwenda. Ilikaa. Iliporudi, Mwadime alikuwa ameruka hadi sita kopa.

Akoth akaweka kadi ya dabo, inayozidisha adhabu ya kuanguka, kuonyesha kwamba haamini. Kidirisha kikafunguliwa, Wawuda akalaza mkono wake mtupu mezani, na kupitia pale akauona uso wa mumewe ukizitazama karata zile. Hakukasirika. Alitahayari, kama mtu aliyemkumbatia mgeni sokoni akidhani ni ndugu yake. Walianguka vibaya, mizunguko minne.

Kengele ya mapumziko ikalia.

*

Ukumbi wa michezo wa Voi ulikuwa na varanda ndefu ya vioo vinavyojitia giza jua likizidi. Watu walijaa pale na vikombe vyao. Kabla Wawuda na Mwadime hawajafika mbali, mwanamke mmoja mwembamba aliwazuia njia. Naye alikuwa na kifungo kooni.

"Mimi ni Mwalimu Mshai, wa Taveta," sauti yake ilitoka kwa vipande, ya mtu ambaye mashine yake bado inajifunza. "Kesho chama kinapiga kura. Kama sisi tutaruhusiwa mezani. Nilitaka kuwaona. Mnatutetea. Asanteni."

Mwadime akaushika mkono wake kwa mikono miwili. Wawuda hakuweza kumtazama usoni.

Walipopata kona yao, Mwadime alisema, "Pole, Mama Mkamburi. Ule wa kopa ulikuwa upumbavu. Nilikusikia vibaya."

Wawuda aliweka kikombe chini. "Umesemaje?"

"Nimesema nilikusi..." Sauti ilikatika katikati. Midomo ya Mwadime, ambayo kwa kawaida haisogei, ilitikisika.

"Mimi nilisema moja uru," Wawuda alisema taratibu. "Sina kitu, shuka. Kadi uliiona?"

"Niliiona."

"Basi ulinisikia wapi kwingine?"

Alimweleza. Alimweleza pumzi ya kwanza na ya pili, na jinsi alivyoilazimisha hiyo ya pili, akijua kwamba kumdanganya mwenzako kwa pumzi mbele ya wapinzani nako si halali. Mwadime alisikiliza akiwa amekazia macho kioo. Nje, treni ya Mombasa ilipita bila kelele.

"Tangu lini?" aliuliza hatimaye.

"Sijui. Labda tangu bangili itoke."

"Kombe la Eldoret. Ule mkono nilioacha kusema saba, watu wakanipigia makofi."

"Sijui, Baba Mkamburi."

"Siku niliyokuletea dawa ukiwa bado umelala." Sauti ya mashine ilikuwa tulivu mno, haikulingana na macho yake. "Nilidhani nimekuwa mume mwema zaidi. Nilidhani ugonjwa umenipa kitu."

"Wewe ndiye uliyeinuka kitandani ukaileta. Mashine haina miguu."

Hakucheka. "Tukinyamaza, hakuna atakayejua," alisema. "Unalijua hilo? Kinusi hakioni. Bi. Tima ameshaamua. Tukisema, kesho yule mwalimu anafungiwa mlango, na wenzake wote. Na wao labda mashine zao hazina hili. Labda ni sisi tu, kwa sababu ya Kimya, kwa sababu tumefundisha mashine kutafuta maana pasiposemwa kitu."

"Nimeliwaza."

"Na mimi mwenyewe sikuiba. Sikujua."

"Hukujua. Mpaka sasa hivi."

Neno hilo likakaa kati yao. Wawuda alitaka kulirudisha, na wakati huohuo alijua hawezi. Kuanzia sasa kila dau la mumewe lingekuwa na mtu wa tatu ndani yake, na wote wawili wangejua, na Galgalo mwenye adabu angeendelea kusema samahani na kuumia kichwa kutafuta kosa lake.

Mwadime aligusa nyuma ya sikio. "Wanaweza kuizima?"

"Mtaalamu wa mitambo wa ukumbi anaweza. Lakini ikizimwa inaanza kusahau, na ikikaa hivyo inasahau yote. Utaanza upya, vipande vipande kama yule mwalimu. Miezi. Na daktari alisema kuna ambao hawakurudi sawa."

"Mezani hakuna maneno," Mwadime alisema. "Kuna kadi tu."

"Usiamue kwa hasira."

"Sina hasira. Nataka kujua kama bado ninaweza kucheza, mke wangu. Mimi. Sitaki kufa sijui."

*

Bi. Tima aliwaita Galgalo na Akoth kwenye chumba cha waamuzi, akawaketisha, akamwacha Wawuda aseme. Wawuda alisema yote akiwa amesimama, pamoja na kiapo chake kwa kamati. Alipofika kwenye pumzi ya pili, Galgalo aliinua kichwa.

"Nilikuwa hapo hapo," alisema. "Sikusikia chochote."

"Haikuwa ya masikio yako, mwanangu."

Akoth, ambaye kwa kawaida alikuwa mkali, alikuwa akimtazama Mwadime. "Mngekaa kimya mngeshinda," alisema.

"Ndiyo," kifungo cha Mwadime kilijibu.

Bi. Tima alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mkono wa sita shupaza unahesabiwa kama nne," alisema. "Ule wa kopa unabaki, mmejiumiza wenyewe. Mikono mingine sina ushahidi nayo, siwezi kuhukumu nisichokiona. Mnenaji unazimwa kama mlivyoomba. Na kesho chamani nitaeleza mambo mawili: kwamba mashine inavuja, na kwamba aliyekuja kuniambia ni mwenye mashine. Watakavyopiga kura ni juu yao."

Mtaalamu alikuja na kifaa chake. Mwadime alimgeukia mkewe. Wawuda alidhani atasema kitu kikubwa, akajiandaa kukipokea.

"Usinionee huruma kwenye mnada," Mwadime alisema. "Taja karata zako."

Kisha kukawa kimya.

*

Mikono ya mwisho ilichezwa haraka, na walikwenda nao sako kwa bako. Wawuda alipumua apendavyo. Ilikuwa ajabu, kama kuvua viatu baada ya safari ndefu, na ilikuwa upweke. Trei ilipovuka kiwambo hakujua mumewe anawaza nini. Mara mbili alijikuta akitega sikio.

Ulipofika mkono wa mwisho walikuwa nyuma kidogo. Wawuda alianza kwa pasi ya nguvu. Wapinzani waliingilia kwa shupaza, Mwadime akataja kopa, na pande zote mbili zikapandishana, kopa, shupaza, kopa, mpaka Akoth akaweka tano shupaza na trei ikaja kwa Wawuda.

Alikuwa na mkono wa katikati. Ungetosha kusema sita kopa, ungetosha pia kuwaadhibu wapinzani kwa dabo. Hakujua. Katika Kimya kulikuwa na dau la hali hiyo, nalo lilikuwa pasi: sijui, wewe amua. Galgalo aliandika: Maana? Wawuda akaandika hivyohivyo: Sijui. Namwachia yeye. Galgalo akainamisha kichwa kwa heshima, naye akapisha.

Trei ikaenda upande wa pili, ikakaa.

Ikaendelea kukaa. Wawuda alisikia mtu akisogeza kiti kwenye jukwaa la watazamaji, alikoketi Mwalimu Mshai na wengine. Alisikia karata zikipangwa na kupangwa tena nyuma ya kiwambo. Zamani, kabla ya ugonjwa, Mwadime alikuwa hivyo: polepole hadi wapinzani wanapiga miayo. Miaka hii mitatu hakuwahi kuchelewa. Wawuda hakuwa ameona kwamba wepesi ule ulikuwa jambo geni.

Trei ikarudi. Sita kopa.

Mwadime alicheza mwenyewe. Alipoteza mzunguko mmoja wa shupaza mapema. Hakuwa na budi kula yote iliyobaki, na hilo likategemea uru: mezani, kwenye mkono wa Wawuda, kulikuwa na ree na malkia, na mfalme alikuwa ama kwa Akoth ama kwa Galgalo. Akiwa kwa Akoth, wameshinda. Mwadime alitoa uru ndogo. Akoth akatoa ndogo. Mwadime akanyoosha kidole kwa malkia, mkewe akamtoa, na Galgalo, akisema samahani kwa sauti ya chini kabisa, akaweka mfalme.

Wameanguka kwa mzunguko mmoja. Dabo juu ya ile tano shupaza ingewapa kombe.

Watu walipiga makofi, wengine kwa Galgalo na Akoth, wengine bila kujua kwa nani. Kiwambo kikaondolewa. Mtaalamu alisogea na kifaa chake, akamnong'oneza Wawuda kwamba waliahidi kuiwasha mashine mara tu mchezo ukiisha, kadiri inavyokaa imezimwa ndivyo inavyosahau. Aseme tu.

Wawuda alimgeukia mumewe, akijiandaa kumpoza. Mwadime hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amekusanya karata zote za ule mkono na kuzilaza upya mezani, mikono minne yote wazi, akigonga mfalme wa uru kwa kidole na kumwonyesha Galgalo: huyu angekaa pale, kwa Akoth, nusu kwa nusu, ningekula. Nusu kwa nusu, unaniambia nisiseme?

"Lakini mzee," Galgalo alisema, akiwa amesahau adabu yake yote, "mimi nilikuwa nimetaja shupaza tangu mwanzo! Mfalme lazima awe kwangu! Ilikuwa dabo, mchana kweupe!"

Mwadime alitikisa kichwa kwa nguvu. Akachomoa kopa mbili za Akoth na kuzipiga mezani, pa, pa, kama hoja. Akoth akazisukuma pembeni na kusema kwamba hizo hazihusiani kabisa. Mabega ya Mwadime yalianza kutikisika.

"Mama?" mtaalamu alisema. "Niwashe?"

"Subiri," Wawuda alisema, akavuta kiti karibu na meza. "Bado anabishana."